Taa Nyekundu ya Ijumaa

Ishmael Obwocha alikuwa na hasira za karibu, kama watu wote wa nyumba yao, na pale mtaani Daraja Mbili kila mwenye gari bovu alilijua hilo. Aliwafokea wateja, aliwafokea wauza vipuri, siku nyingine aliifokea hata jeki. Mtu mmoja tu hakuweza kumfokea, naye ndiye aliyemchokoza kuliko wote: Laurenti Ratemo, mume wa dada yake Sheila na mshirika wake katika gereji. Kwa Wakisii shemeji hatukanwi. Unaweza kumtania, kumnunia, hata kumkwepa sokoni, lakini siku utakapomtolea maneno makali mbele za watu, wazee wataitwa, na atakayeibeba aibu hiyo nyumbani ni dada yako.

Gereji yao ilisifika kwa kutofungwa hata siku moja ya wiki. Ishmael alikuwa Msabato, Ratemo Mkatoliki. Jumamosi mmoja akiwa kanisani, mwenzake alikuwa chini ya gari, na Jumapili walibadilishana. Wateja waliona hiyo ni baraka. Ishmael alianza kuiona ni balaa, maana kazi aliyoiacha nusu Ijumaa aliikuta Jumapili imekwisha, tena imekwisha kwa njia ambayo yeye asingethubutu.

Mwaka huo wa tisini na nane mvua zilikuwa zimezila barabara zikabaki mifupa. Urvish, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alichoka kusikia kwamba mabati yake yamelala tena kwenye matope ya Nyamache, akaileta pikapu yake ya kutoka Japani inyanyuliwe. Wakaitia springi ndefu, nyuma wakaipandisha kwa vyuma, na Ijumaa jioni ikasimama juu kama fahali aliyeshtuliwa. Urvish akatabasamu. Kisha Ishmael akawasha injini, na taa mbili za dashibodi zikakataa kuzima: ya njano ya ABS, mtambo unaozuia magurudumu yasikwame breki zikikanyagwa, na ile nyekundu ya breki zenyewe.

Ya njano haikumsumbua. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ndani ya kisanduku cha plagi cha kupimia hitilafu, na taa ikaanza kukonyeza. Akaihesabu mikonyezo yake, ikamwambia shida iko gurudumu la mbele kushoto. Gari lilipopanda juu, waya wa sensa, kile kidude kinachopima mwendo wa gurudumu, ulibaki mfupi ukawa unavutwa. Lakini nyekundu haikukonyeza wala kueleza kitu. Iliwaka tu, na Ishmael hakupenda ilivyowaka.

Jua lilikuwa limegusa vilima na Sabato ilikuwa inaingia. Akaweka spana chini, akapangusa mikono, akamwambia Ratemo huku Urvish akisikia, "Ya njano naijua. Nyekundu bado sijaijua. Gari hili lisiguswe mpaka Jumapili."

Ratemo akacheka. Akasema gari likinyanyuliwa nyaya zake hulalamika siku mbili tatu, halafu huzoea. Urvish alisema tu kwamba Jumatatu asubuhi anataka kupakia, akaenda zake.

Kesho yake, kanisani kwao Birongo, mahubiri yalimpita Ishmael kichwani kama upepo. Aliimba alipoimba wenzake na kuketi walipoketi, lakini akilini alikuwa amelala chali chini ya pikapu akitafuta, na aliona dhambi kufanya kazi kwa mawazo siku hiyo, na hakuweza kujizuia.

Jumapili alifika mapema. Pikapu haikuwepo.

Juu ya meza ya kazi, ndani ya kifuniko cha kopo ambamo Ratemo huweka nati, kulikuwa na balbu mbili ndogo kama punje za mahindi. Ishmael aliziangalia, na damu ikamchemka mpaka masikio yakauma. Fundi mzima, mtu mwenye watoto, ameng'oa balbu za dashibodi! Mgonjwa analia, wewe unamziba mdomo, halafu unatangaza amepona. Akazitia mfukoni.

Hapo ndipo alipoona chini. Pale gurudumu la mbele kushoto liliposimama, udongo ulikuwa na doa la maji mazito. Akaligusa kwa kidole, akanusa. Mafuta ya breki. Basi ile nyekundu ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo, na haikuwa shida ya umeme hata kidogo. Mpira wa kupitishia mafuta ya breki ulipita njia moja na ule waya, nao pia ulikuwa umekuwa mfupi, ukivutwa kila usukani ulipozungushwa. Ijumaa aliukagua magurudumu yakiwa yamenyooka, akauona unatosha. Hasira zikamgeukia yeye mwenyewe kidogo, kisha zikarudi zilikotoka.

Akamuuliza Nyangate, mama aliyeuza chai mlangoni. Akaambiwa Ratemo amekwenda kutesti gari, kulijaribu barabarani: amempeleka Sheila kule mlimani Manga, kwenye ubatizo upande wa Ratemo, wa mtoto wa ndugu yake.

Kutesti! Magari ya watu mjini yalitestiwa kwenda harusini, yakatestiwa kwenda matangani, na Ishmael naye alishawahi kutesti la mtu hadi kwa wakwe zake. Lakini kupanda Manga hakuhitaji breki. Kushuka ndiko kunakohitaji, na wakati huo misa ya alfajiri ilikuwa inakaribia kwisha.

Alikimbia mpaka dukani kwa Urvish. Njiani alitafuta namna ya kulipaka asali jambo hili, asiipate, akalisema kama lilivyo: gari lako liko Manga, halina breki, na dada yangu yumo ndani. Urvish aliweka chini bakuli la misumari aliyokuwa akiipima. Uso ulimwiva.

"Jana Ratemo aliniita kuangalia dashibodi," alisema. "Mimi nikaona iko safi. Nikamwambia kazi nzuri, fundi."

Akachukua ufunguo wa gari lake dogo. Barabara nzima aliwasema mafundi: waongo, wezi wa petroli, watu wa kupeleka mama zao safari na mali ya wengine. Kila neno lilikuwa lile ambalo Ishmael mwenyewe angemwambia Ratemo kama ingeruhusiwa, na karibu amshukuru Mhindi kwa kumsemea. Katikati ya matusi hayo aliomba, kwa maneno mafupi, dada yake awe hai.

Waliikuta pikapu kwenye kona ya mteremko, imezamisha pua kwenye ukingo wa udongo. Hatua chache mbele, ukingo uliishia na mashamba ya chai yalianguka mpaka bondeni. Sheila alikuwa ameketi nyasini, mkono wa kushoto umefungwa kwa leso, uso umemparara. Alikuwa hai. Ishmael alipumua, na pumzi hiyo ilipotoka, hasira zote zilirudi mahali pake.

Ratemo alikuwa amesimama kati ya jamaa zake, amevaa koti la kanisani, akisimulia alivyopigana na usukani.

"Breki zilikata ghafla," alikuwa akisema. "Hakuna dalili, hakuna nini. Ni Mungu tu."

Maneno yalimpanda Ishmael kooni, yote, kwa Kikisii, mabaya kabisa. Jamaa za Ratemo walimwangalia. Wazee wawili walishatambua uso wake na kusogea karibu. Akayameza. Akampita shemeji yake bila kumwamkia, akachuchumaa mbele ya dada yake, akaziweka balbu mbili katika kiganja chake kizima.

"Hizi ni nini?" Sheila akauliza.

"Ndizo dalili. Moja ya hizi ilikuwa inasema breki zinavuja. Mumeo alizing'oa jana akaziweka kwenye kifuniko cha nati." Akashusha sauti. "Muulize yeye. Mimi ni shemeji yake, siwezi."

Sheila aliziangalia balbu. Kisha akaangalia mkono wake, kisha ukingo ulipoishia.

Yeye Sheila hakuwa shemeji wa Ratemo. Alifumba kiganja, akakataa kushikwa, akainuka mwenyewe na kuanza kumwendea mumewe, na wale wazee wawili, walipouona uso wake, walimpisha njia.