Keki Iliyopanda Mlima Kinyumenyume

Shangazi yangu ni mwokaji wa keki, na gari lake ni jipu kuukuu ambalo nyumbani tunaliita Ajuza. Kubeba Ajuza anaweza, ila giaboksi yake imechoka. Ikibadilisha gia, gari zima linashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini. Likikutana na mlima, injini inanguruma, gari halivuti, kisha ghafla gia inashika na gari linaruka mbele.

Mruko wa namna hiyo ndio uliobomoa keki ya harusi mwezi uliopita. Tangu siku ile wateja walimkimbia shangazi, na jirani yetu mmoja mwenye mdomo akambatiza Mama Makombo. Oda moja tu ilibaki, keki ya ghorofa tatu, ya Jumamosi. Hii nayo ikianguka, basi tanuri lingezimwa.

Jumamosi asubuhi dereva wa gari tulilokodi kubebea keki akapiga simu: anaumwa. Kipuri cha Ajuza kilikuwa bado hakijamfikia fundi. Na ukumbi wenyewe uko juu mlimani.

"Shangazi, tuwapigie tuwaeleze," nikasema.

"Tuwaeleze nini? Kwamba bibi harusi akate mkate?"

Alikaa kwenye kiti cha jikoni, unga ungali kwenye nyusi, akaanza kusikiliza simuni sauti za kundi la wenye magari kama lake. Kundi linaitwa Roho Ngumu. Humo kila mtu analilia giaboksi. Gari la nesi linateleza likipata joto. La mwalimu mstaafu linagoma kuingia gia ya tatu. La muuza mbao linashtuka hata kwenye tambarare, mpaka mkewe amehamia kiti cha nyuma. Nilidhani shangazi anajiliwaza kwa misiba ya wenzake. Kumbe alikuwa anatafuta kitu ambacho hakuna aliyekilalamikia.

"Umesikia mtu yeyote akiisema vibaya rivasi?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Basi. Na rivasi ni gia moja tu, mwanangu. Haina pa kubadilikia, itashtuka kwa lipi?"

Tuliipakia keki nyuma, juu ya godoro la mtoto, nami nikachuchumaa kando yake. Kwenye tambarare shangazi aliibana gia ya kwanza, hakuiruhusu ipande, tukaenda mwendo wa kinyonga huku honi zikitutukana. Chini ya mlima, ambako hata hiyo ya kwanza ingeteleza kisha iruke, akaingia kituo cha mafuta, akageuza, akawasha taa za tahadhari. Kisha akazungusha mkono nyuma ya kiti cha abiria, akageuza shingo, na Ajuza akaanza kupanda mlima kwa makalio.

Dereva wa lori lililokuwa likishuka akachungulia dirishani. "Mama, unarudi wapi hivyo?"

"Narudi ujanani, baba! Nipishe!"

Katikati ya mlima Ajuza akakohoa. Nikafumba macho.

"Fumbua!" shangazi akasema. "Mimi natazama barabara, wewe tazama keki."

Nikafumbua. Alikuwa amenielekea mimi na ile keki, jasho likimtiririka shavuni, jicho limepita juu ya maua ya sukari hadi kwenye kona. Nimesoma miaka mingi na nimewasikiliza watu wengi wakieleza ujasiri ni nini. Siku ile niliuona, umekunja shingo, ukikanyaga mafuta taratibu kama anayembembeleza mtoto. Maua hayakutikisika.

Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mbona gari linakuja na mgongo?"

"Keki ndiyo mgeni rasmi, dada. Nimeitanguliza."

Yule mama akachungulia nyuma. Akazihesabu ghorofa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akacheka mpaka akaegemea mlango.

Keki ilikatwa, ikaliwa, ikasifiwa. Mgeni mmoja akamjia shangazi kwa upande wa kushoto, akimtaka amwokee ya harusi ya mwanawe. Shingo ya shangazi ilikuwa imegoma, ikambidi ageuke mwili mzima kama kabati linalohamishwa.

"Ukumbi wenu una mlima?" akauliza.

"Upo, tena mkali."

"Hakuna neno," shangazi akasema, akijikanda shingo. "Ila harusi isiwe wiki hii."