Kisu Butu cha Bi Gitla

Kila Novemba, matope yakianza Borzyn, Bi Gitla Zylberman hukifunga kisu chake cha jikoni kwenye gazeti, hukitia mkobani, na kwenda kwa Bi Genowefa Kłos kikanolewe. Mji mzima unalijua hilo na unalicheka. Wanasema ni ubahili, mtu na pensheni yake ya mfamasia kushindwa kununua kisu kipya, na wakisema hivyo hukonyezana, kwa kuwa Bi Gitla ni Myahudi, na kwao Myahudi maana yake ni bahili. Ndiye wa pekee aliyebaki Borzyn, kwa hiyo hawana mwingine wa kumsema.

Jiwe la kunolea la Bi Genowefa ni gurudumu la jiwe la mchanga, limesimama uani kwenye fremu ya mbao, lina mpini wa kuzungushia. Ubavuni lina herufi za Kiebrania. Wajerumani waliyang'oa mawe ya makaburi ya Wayahudi wakatandikia barabara. Vita vilipokwisha na Wajerumani wakaenda zao, watu wa Borzyn nao wakaja na mikokoteni usiku na mchana, kila mtu akajichukulia lake. Huyu kafanya kizingiti, yule kafanya sakafu ya zizi la nguruwe. Baba mkwe wa Bi Genowefa, ambaye mpaka leo wanamsifu kwa ufundi wa mikono yake, akalichonga lake likawa duara, akalitoboa katikati. Jiwe hilo lilikuwa la mama yake Gitla.

Mama huyo, Frajda, alikufa kwa kichomi mwaka mmoja kabla ya vita, kitandani mwake, daktari akiwa pembeni. Katika ukoo wao ndiye aliyekuwa wa mwisho kupata bahati hiyo. Baba, kaka zake na mdogo wake wa kike walipakiwa kwenye treni, na huko walikofika hakuna aliyezikwa. Gitla aliponea msituni. Basi kaburi la kwao ni moja tu, na jiwe ni hilohilo moja, nalo lilikuwa kwa Genowefa likinoa visu vya kuchinjia nguruwe.

Na jiwe la kunolea huisha. Kila msimu wa kuchinja duara lilipungua, na herufi za pembezoni zikaondoka nalo. Ilianza tarehe, likafuata jina la babu, baba yake Frajda. Mwaka uliopita jina la Frajda lilikuwa bado lipo karibu na tundu la katikati, lakini ukingo ulishaanza kulila. Bi Gitla alikuwa akija siku ile aliyofariki mama yake, anatoa kisu, Genowefa anazungusha, na yeye anasimama kulitazama jina likizunguka. Hiyo ndiyo ilikuwa ziara yake ya kaburini. Alijua vizuri kwamba kisu chake nacho kinammaliza mama, lakini hakupewa njia nyingine ya kuingia katika uwanja ule. Akiondoka aliacha kokoto chini ya fremu, kama wafanyavyo watu wake makaburini, na Genowefa aliifagia pamoja na mavi ya kuku.

Aliwahi kuliomba, zamani. Genowefa alijifuta macho kwa aproni akamjibu kwamba hawezi kulitoa, kwa sababu ni ukumbusho pekee alioachiwa na marehemu baba mkwe.

Sasa mwana wa Genowefa, Wiesław, alikuwa meya. Mji wa jirani ulikuwa umefungua makumbusho ya Wayahudi, mabasi ya wageni yakawa yanasimama huko, na Wiesław Kłos akaanza ghafla kuwakumbuka Wayahudi. Akatangaza kwamba shule itakuwa na Chumba cha Kumbukumbu ili vizazi vijavyo vijifunze. Mwenye kitu chochote cha Wayahudi wa zamani akilete. Borzyn ambayo inalalia mito yao, inakula kwenye meza zao na kuchana nywele mbele ya vioo vyao, haikuleta hata kijiko. Meya akaagiza vinara vya mishumaa kutoka Warsaw. Vikawekwa ndani ya kabati la kioo, kimoja bado kina kibandiko cha duka kwenye kitako.

Kisha akaenda nyumbani kwa Bi Gitla na keki mkononi.

"Bi Gitla, tunakuomba siku ya ufunguzi useme na wanafunzi. Dakika chache tu."

"Niseme nini?"

"Yale uliyoyaona mwenyewe. Ila usiwatishe sana. Tungependa waondoke na matumaini."

"Matumaini ya nini?"

Meya akafikiri. "Kwa ujumla."

"Wiesiek, mimi nimekuuzia dawa ya minyoo kabla hujaota meno yote," alisema Bi Gitla, akimwita kwa jina lake la utotoni. "Usiniambie mambo ya ujumla. Nitakuja. Kunywa chai, inapoa."

Siku ya ufunguzi televisheni ya mkoa ilikuja. Wanafunzi walipangwa mstari, kila mmoja na nyota ya njano ya kitambaa kifuani, kama ile Wajerumani waliyowalazimisha Wayahudi kuvaa, kazi ya mikono ya Mwalimu Halszka, ambaye alikesha akishona na alitaka kila mtu ajue kwamba alikesha. Wakaimba wimbo wa Kiyahudi kwa nyuso za msiba. Bi Gitla aliusikiliza mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo wa harusi, wa kumtania mama mkwe.

Wakampa kipaza sauti.

"Wanangu, mmefundishwa kukumbuka," alisema. "Mnamkumbuka nani?"

Msichana mmoja mrefu aliye mbele, Kinga, akanyoosha mkono. "Waathiriwa wa ubaguzi, Bibi."

"Vizuri. Nitajie mmoja wa hapa Borzyn."

Kinga akamtazama mwalimu. Mwalimu akamtazama meya. Meya akatazama vinara.

"Nusu ya mji huu ilikuwa sisi," alisema Bi Gitla. "Basi haya, vaeni makoti. Somo haliko humu ndani."

Meya alijaribu kumshika kiwiko, akasema programu bado ina hotuba yake na vitafunio. Bi Gitla alikwishafika mlangoni. Watoto wakamfuata, maana nani anakataa kutoka darasani, na mtu wa kamera akawafuata watoto. Wakashuka barabara ya kanisani hadi kwa Bi Genowefa, ambaye walimkuta uani akinyonyoa bata bukini.

Bi Gitla akafungua gazeti, akatoa kisu. "Nimeleta kisu, Genia."

Genowefa akaukodolea macho umati. "Leo? Leo siyo siku yako. Siku yako mwaka huu ni Alhamisi."

"Kumbe siku yangu unaijua," alisema Bi Gitla.

Genowefa akainamia bata wake, akanyonyoa pale palipokwisha kunyonyolewa. Miaka yote ile alijifanya anamnolea kisu bibi kizee bahili tu, kumbe tarehe ya msiba alikuwa ameishika kichwani kuliko sikukuu za watakatifu wake. Bi Gitla alikuwa akimdharau kwa ujinga. Sasa alijua kwamba hata kumdhania mjinga ilikuwa kumpa heshima asiyostahili.

"Sogeeni," aliwaambia watoto. "Huyu hapa ni mama yangu. Hili ndilo jiwe la kaburi lake."

Walisogea. Kinga akaweka kidole juu ya herufi, akaufuata mkato mpaka ulipokatika ukingoni. Akageuka. "Mheshimiwa, si hapa ni kwenu? Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa mtoto," alisema meya. "Nilikuwa nazungusha tu mpini."

Kamera ilikuwa inamtazama. Akaiona, na uso wake ukajipanga upya, ukawa uso wa mabango ya uchaguzi. "Jiwe hili litarudi makaburini," alisema. "Naahidi mbele yenu nyote. Tena litarudi kwa heshima zote linazostahili. Kizazi hiki kitakuwa shahidi."

Watu wakapiga makofi. Genowefa akauliza yeye sasa atanolea wapi.

Na ukweli usemwe, Bi Gitla alifurahi. Alijikataza kufurahi, akajiambia kwamba ahadi ya Kłos ni ya Kłos tu, lakini alipofika nyumbani alijikuta anaiosha kokoto moja kwenye sinki, anaikausha kwa taulo, anaiweka dirishani. Alhamisi angemzuru mama yake bila kubeba kisu. Angekaa naye kadiri apendavyo, na jina lingetulia mahali pamoja.

Alhamisi ilipofika alikibeba hata hivyo. Mkono ulishazoea, na kokoto akaitia mfukoni.

Makaburi ya Wayahudi ya Borzyn ni malisho tu yenye uzio mpya wa jana. Watoto walikuwepo, mara hii bila nyota. Kamera ilikuwepo. Katikati palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe, na meya amesimama kando yake na koti jipya, furaha imemjaa. Akazungumza juu ya majeraha yaliyopona. Kisha akavuta kitambaa.

Jiwe lilikuwa jeupe, safi, laini kama sabuni mpya.

"Tumelisafisha, Bi Gitla," alisema. "Lilikuwa linatia aibu. Mafuta ya nguruwe, kutu, mikwaruzo kila mahali. Fundi wetu bora amelipiga msasa pande zote mbili. Huoni hata doa."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomkata Bi Gitla maini. Adui angejua anachofuta. Huyu alifuta kwa upendo, akalipia, akavaa koti jipya kuja kuonyesha. Bi Gitla akakiweka kiganja juu ya jiwe, akalipapasa lote taratibu kuzunguka tundu la katikati. Hakupata kitu. Vita na nguruwe na miaka yote ile vilimwachia mama yake jina, na heshima za meya zilikuwa zimelimaliza.

Alilia. Hakujificha. Mwalimu Halszka akamkimbilia na leso, Bi Gitla akamsukuma na leso yake.

Halafu akafungua mkoba, akakunjua gazeti.

"Wiesiek. Piga magoti."

"Bibi?"

"Andika jina."

Meya akakitazama kisu, akaitazama kamera. "Tutamwita fundi, Bibi. Wiki ijayo tu, herufi za dhahabu..."

"Kazi ya fundi wako nimeshaiona. Wewe umezungusha mpini ule utoto wako wote, mkono wako unalijua jiwe hili. Na kisu ni kikali. Mmekinoa nyinyi wenyewe miaka yote, juu yake."

Hakuna aliyecheka. Watoto walikuwa wamejongea hadi kuwa duara kumzunguka, na hakukuwa na mwanya wa mtu mwenye koti jipya kupita. Wiesław Kłos akashuka kwenye matope, goti moja, kisha la pili. Akapokea kisu.

"Mimi Kiebrania sikijui," alisema.

"Andika kwa herufi zako. Mama yangu alijua kuzisoma."

Akaweka ncha juu ya jiwe. Ncha ikakaa pale. Wekundu ukamwanza shingoni, ukapanda masikioni, na kisu hakikusogea. Kinga aliinama ili aone anaandika nini. Hapo ndipo meya alipoinua kichwa na kumwita Bi Gitla karibu, akaziba mdomo kwa mkono ili kipaza sauti kisimsikie.

"Bibi," alinong'ona, "kwani alikuwa anaitwa nani?"

Bi Gitla akajinyoosha.

"Uliza kwa sauti," alimwambia. "Watoto wamekuja kujifunza."