Ushanga wa Tano

Wenzake waliota harusi na majumba. Sista Penina aliota matumbo. Alikaa ng'ambo miaka miwili akisomea uuguzi wa tumbo na utumbo, akarudi Dodoma mwaka 1994 na mpira mrefu mweusi wenye taa na jicho kwenye ncha, wa kuchungulia ndani ya mgonjwa bila kisu. Kilichobaki ni mkaguzi wa wizara kuja kumwona akifundisha. Akiridhika, chuo cha wauguzi kingeanzisha darasa la tumbo na Penina angekuwa mwalimu wake. Asiporidhika, mpira kabatini, na Penina wodini kutandika vitanda.

Sanamu ya kufundishia haikuwepo. Basi siku moja kabla ya mkaguzi kufika alinunua tumbo la mbuzi pamoja na koo lake, akalisafisha kwa chumvi na ndimu mpaka likang'aa. Akaenda Chang'ombe dukani kwa Salwa, ambako tangu serikali iruhusu biashara huria hukosi kitu, akachukua shanga tano nyekundu. Akazishonea kwa ndani, ndivyo vidonda. Wanafunzi wangeingiza mpira na kuvitafuta kimoja kimoja. Akaweka kazi yake kwenye friji la jiko la chuo, akaenda zake kupiga pasi sare, akiimba.

Alichosahau ni kumwambia Bi Sikudhani, mpishi wa chuo. Bi Sikudhani aliamini kwamba mgeni haondoki Dodoma bila supu ya mbuzi. Asubuhi alipofungua friji na kukuta tumbo safi namna ile, nusura alie. "Huyu Penina, binti wa Mpwapwa, amelelewa! Kamletea mgeni kitoweo!" akasema, akabandika sufuria.

Saa nne Penina akaingia bwaloni, wanafunzi wake kumi na wawili nyuma yake. Mkaguzi, Bwana Damas, alikuwa ameinamia bakuli, jasho la raha likimtoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Sista. Supu yenu hii, mh! Ila hizi mbegu zenu ni ngumu. Moja nimeimeza."

Kwenye ukingo wa bakuli zilipangwa shanga nne nyekundu.

Penina akazihesabu. Miaka miwili ya baridi ya ng'ambo imeliwa kwa ndimu! Alitaka kulia, lakini kilichompanda kooni kilikuwa kicheko, akakibana kwa shida.

"Mzee, nisamehe. Hiyo supu ndiyo darasa lenyewe. Na kidonda kimoja unacho."

Akaeleza yote. Bi Sikudhani akajifunika uso kwa kanga. Bwana Damas aliweka kijiko chini polepole.

"Nitakufa?"

"Hapana, mzee. Ila ukiniruhusu, somo linaendelea."

Hakungoja jibu. Alichora tumbo kwa chaki juu ya meza ya kulia, akawageukia wanafunzi. "Ruthu, ushanga uko wapi sasa?"

"Tumboni, Sista, pamoja na supu."

"Jioni?"

"Utumbo mwembamba."

"Kesho?"

"Utumbo mpana, Sista. Na Ijumaa asubuhi mzee ataupata."

"Zipora, mgonjwa wetu tumwambie nini?"

"Anywe maji, ale mapapai, asijinunulie dawa ya kuharisha. Akiumwa tumbo au akitapika, aende hospitali mara moja."

Hapo bwalo zima likapasuka. Bwana Damas peke yake hakucheka. Alinyoosha kidole kama mwanafunzi, akauliza kwa nini mapapai, akajibiwa, akaandika. Mchana akapanda basi bila kusema amefaulu wala amefeli.

Siku hizo Penina alitandika vitanda hovyo, shuka moja aliitandika kichwa chini. Alijua amejiharibia. Wanafunzi wakimwona koridoni wanaminya midomo wasicheke, naye anaminya wa kwake, kisha anakumbuka na kuumia upya.

Jumamosi ikaja simu ya maandishi kutoka posta. Aliifungua mbele ya Bi Sikudhani.

"USHANGA UMEFIKA IJUMAA ASUBUHI KAMA ALIVYOSEMA RUTHU. ANZA DARASA JUMATATU. DAMAS."

Penina alipiga kigelegele wodini, wagonjwa wakaitikia bila kujua ni cha nini. Jumatatu alinunua matumbo mawili ya mbuzi, na moja akamkabidhi Bi Sikudhani mkononi.