Baba Krismasi wa Verlyn

"Mchana azimwe, Arlys. Kanuni si yangu, ni ya chama cha wenye nyumba."

"Na mwenyekiti wa hicho chama nani, Dwight? Paka wangu?"

Nilikuwa natoa takataka. Takataka zenyewe hazikuwapo, lakini ugomvi wa majirani mtu hausikilizi mikono mitupu.

Baba Krismasi mwenyewe alisimama katikati yao, kitambaa chekundu kilichojaa upepo, kichwa kinagusa mfereji wa paa, feni inanguruma miguuni. Kanuni yetu ni kwamba mapambo haya yawashwe giza likiingia na kuzimwa watu wakienda kulala. Ndiyo maana Desemba, mchana, mtaa wetu wote umelala: masanamu ya theluji, kulungu wenye pembe, wote chali juu ya theluji kama nguo zilizoanguka kambani. Tumezoea. Arlys peke yake hakuzima, usiku wala mchana, tangu amzike mumewe, Verlyn. Mtaani tukasema msiba umempanda kichwani.

"Verlyn alikuwa rafiki yangu," Dwight alisema. "Lakini nikikuachia wewe, kesho kila mtu atanguruma mchana kutwa."

"Basi zima mwenyewe. Waya huo hapo."

Dwight akanitazama. Mimi nikatazama pipa langu. Akainama, akachomoa.

Kichwa ndicho kilichotangulia kuinama. Yakafuata mabega, magoti yakakunjika, na mzee mzima akaenda kifudifudi, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Upepo uliobaki ukamwinua mgongo kidogo, ukamshusha. Kisha akatulia.

Arlys alikuwa ameshageukia ukuta.

"Hivyo hivyo," alisema. "Na hapo hapo. Verlyn alimaliza kukaza kamba za huyu Baba Krismasi, akaniita nije nione. Nikamwambia ngoja nipunguze moto jikoni. Nilipotoka..."

Mazishini tuliambiwa moyo, basi. Mimi ninayejua friji mpya ya mtu kabla haijashushwa garini, sikujua kwamba alianguka pale kwenye majani.

"Wewe unaona kitambaa, Dwight. Mimi nikifungua pazia asubuhi, namwona yeye."

Mkono wa Dwight ukarudisha plagi hadi kwenye soketi, ukasita.

"Nikiwasha, ipo siku umeme utakatika," alisema taratibu. "Utamwona tena, na utakuwa peke yako. Kanuni siwezi kukubadilishia, Arlys. Lakini hakuna kanuni inayosema lazima alale hapa nje. Tumwondoe."

"Mafundo alifunga yeye."

"Sitakata hata moja."

Akavua glavu, akapiga magoti kwenye theluji. Kamba zilikuwa zimeganda. Alizifungua kwa kucha, akizipulizia pumzi ya moto, na kila iliyofunguka alimpa Arlys mkononi. Nikaliacha pipa, nikashika mikono ya yule mzee. Tukamkunja kuanzia miguuni, tukiusukuma upepo nje. Hakuna aliyetania, hata mimi. Tukambeba watu watatu, tukamlaza gerejini kando ya gari la Verlyn, na njia nzima hakuna aliyemtazama mwenzake.

Tuliporudi, palikuwa na duara la majani ya njano mahali theluji haikuwa imefika. Arlys alilitazama muda mrefu, zile kamba kifuani.

"Sasa hapana kitu kabisa," alisema.

Theluji ilianza tena. Dwight akakohoa, akatafuta glavu zake. "Haya, mimi niende."

"Uende wapi na vidole hivyo?" Arlys alikuwa bado ametazama chini. "Ingieni. Kuna maharagwe ya nyama, na mikate ya mdalasini. Bado napika sufuria la watu wawili, namwaga. Na wewe Renae, liache hilo pipa huko huko. Najua halina kitu."