Mtu wa Pili, Njia ya Saba

Saa moja asubuhi ya Alhamisi, Metodi Kalchev, msimamizi wa yadi ya mizigo ya Gorno Brezovo, alikuwa akiandika ubaoni namba za mabehewa ya saruji. Mlango wa kibanda ukafunguliwa, akaingia Penyo Dragiev, mfunga mabehewa, ambaye walikuwa wamemzika siku nane nyuma. Akasaini kitabu cha mahudhurio, akachomoa redio yake kwenye chaji, akavaa glavu.

"Umechelewa dakika tatu," alisema Rangel, mfunga mabehewa mwenzake, macho yakiwa kwenye kikombe cha kahawa.

"Toka makaburini hakuna basi."

"Hata sisi tulio hai hatuna. Wamelifuta."

Nje ya mlango palikuwa na karatasi ya tanzia yenye picha ya Penyo, Rangel mwenyewe ndiye aliyeibandika. Penyo alisimama akaisoma yote, akasema picha hiyo ni ya zamani, kisha akashuka kwenye reli.

Hakuwa amebadilika sana. Uso ulikuwa uleule, masharubu yaleyale yaliyogeuka manjano kwa moshi wa sigara. Ila kati ya mabega na kiuno alikuwa mwembamba kama daftari, kwa sababu hapo ndipo mabehewa mawili yalipokutana, na koti lake la rangi ya chungwa lilining'inia kama limetundikwa msumarini. Wembamba huo ulimfaa. Alipita kati ya behewa na behewa hata yakiwa yanatembea, akainua mnyororo, akautupia kwenye kulabu, akatokea upande wa pili bila kuguswa.

Metodi alimtazama kupitia dirishani mpaka chaki ikamkatikia mkononi.

Zamani yadi ile ilikuwa na watu arobaini na kampuni moja, ya serikali. Reli zilipofunguliwa kwa kila mwenye kichwa cha treni na kibali, kampuni zikawa tatu na watu wakabaki watatu. Watu waliziita kwa rangi za vichwa vyao: Wabuluu, ndio wale wa zamani, Wakijani, wenye saruji, na Wanjano, waliovuka mpaka na nafaka. Kila mmoja alitishia kuhamia yadi nyingine, na wote kwa pamoja walitishwa na malori, yaliyopita barabara kuu ya juu ya mlima kutwa nzima, mkia kwa mkia, bila kumngoja mtu. Ndiyo maana mwezi Agosti fomu ilipotoka makao makuu Sofia ikiuliza kama kazi ya kufunga mabehewa yaweza kufanywa na mtu mmoja badala ya wawili, Metodi alitia saini kuwa yaweza. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na alijua haiwezi.

Siku ya ajali, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Penyo alikuwa njia ya saba ya reli. Akaita redioni: "Metodi, nitumie mtu wa pili. Dereva hanioni." Metodi akatazama saa. Treni ya abiria ilikuwa inakuja, na abiria hupita kwanza. Kama saruji isingetoka kabla yake, ingesubiri mpaka jioni na Wakijani wangepiga simu. Akajibu, "Dakika tano tu, ndugu yangu. Ingia, umalize." Penyo akaingia.

Hayo hayakuandikwa popote. Wachunguzi walipokuja, Metodi aliandika: *Marehemu aliingia kati ya mabehewa kwa hiari yake, bila kuomba msaada.* Makao makuu wakaipenda sentensi hiyo, wakaitolea bango lililobandikwa katika yadi zote za nchi: mchoro wa mtu kati ya mabehewa, na chini yake, USIWE KAMA P. D.

Sasa Penyo alikuwa kazini, na kila alipokaribia kufunga mabehewa alisimama, akabonyeza redio, akasema kwa sauti ya kawaida, isiyo na hasira wala kinyongo: "Metodi, nitumie mtu wa pili. Dereva hanioni." Alingoja kidogo. Asipojibiwa, aliingia.

Alisema hivyo mara thelathini kwa siku. Madereva wote walisikia, maana redio za yadi ziko kwenye mawimbi mamoja. Wakazoea. Mmoja tu ndiye aliyeuliza, dereva wa Wanjano, Mromania aitwaye Sorin, ambaye Kibulgaria chake kilikuwa "asante" na "kesho", na siku zote alikwama getini akisubiri mtu wa kumtafsiria kwa simu. Lakini Penyo, Sorin alimwelewa vizuri. Sauti ya marehemu, kwa maelezo yake, ilimfikia kwa Kiromania, tena kwa lafudhi ya kijijini kwao. Alishuka kwenye kichwa cha treni, akaja hadi dirishani kwa Metodi, akainua vidole viwili, akafungua viganja kama anayeuliza: wa pili yuko wapi? Metodi akajifanya anatafuta kalamu.

Wiki ya tatu akaja mkurugenzi kutoka Sofia, Bi Evelina Tasheva, amevaa buti mpya kwa ajili ya matope. Alimtazama Penyo akifunga mabehewa kumi na manne, akaangalia saa yake.

"Hapumziki?"

"Hapana, Bi Mkurugenzi," alisema Metodi.

"Hali chakula?"

"Hali."

"Likizo?"

"Hajaomba."

Bi Tasheva akaandika. Shida yake ilikuwa moja. Wakijani walikuwa wamelalamika kwamba marehemu anawahudumia Wabuluu kwanza, na sheria inataka yadi isimpendelee mtu. Basi akapanga ratiba: muda wa saa mbili Wabuluu, saa mbili Wakijani, saa mbili Wanjano, kisha kuanza upya. Kabla ya kuondoka alimwita Rangel pembeni, akamweleza kwa upole kwamba kwa hali ilivyo, nafasi yake haina tena kazi ya kufanya.

Rangel alikusanya kikombe chake na kandambili. Mlangoni akamgeukia Metodi.

"Mzee, mimi nilikuwa hapa kibandani siku ile. Nakunywa kahawa. Ungesema tu 'Rangel, nenda', ningekwenda."

"Najua."

"Nilisikia redio kwa masikio yangu. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nataka kazi." Akacheka kidogo, cheko kavu. "Ona sasa."

Siku ya arobaini, saa sita mchana, Dafina, mjane wa Penyo, alikuja na bakuli la ngano iliyochemshwa na sukari, kama desturi ilivyo. Aliwagawia madereva kijiko kijiko. Penyo alimpungia mkono kutoka njia ya nne. Ilikuwa zamu ya Wanjano na hakuweza kuacha. Dafina alisimama kwenye uzio akimtazama mumewe anavyoingia na kutoka, na alimsikia anavyoita. Redio ya Sorin ilikuwa wazi. Alisikia mara sita, akahesabu kwa vidole.

Kisha akapanda ngazi za kibanda. Metodi alisimama. Yeye ndiye aliyewasimamia hao wawili harusi yao. Alikuwa amemshika Dafina mkono mbele ya padri. Uso umeumbwa na haya, na wake siku hiyo haukupata pa kwenda.

"Kula, shemeji," alisema Dafina, akamkabidhi kijiko. "Mwombee."

Metodi akala.

"Shuleni ninakofagia wamelibandika lile bango," alisema Dafina. "Mwalimu wa ufundi kaomba nakala. Watoto wanaitana P. D. wakiangusha kitu. Nami nafagia chini yake."

"Dafina."

"Aliomba mtu?"

Nje mnyororo uligonga kulabu. Metodi alitazama bakuli.

"Aliomba," alisema. "Nikamwambia aingie. Halafu nikaandika hakuomba."

Dafina hakulia wala hakupiga kelele. Alifunika bakuli kwa kitambaa chake.

"Najua. Anasema kutwa nzima, mtaa wote unajua. Nilitaka kukusikia wewe, shemeji. Sasa nenda ukawaambie wale wa Sofia."

Kesho yake Metodi alivaa suti ya mazishi, akapanda treni hadi Sofia. Alikuwa ameandika maelezo mapya kwa mkono wake, ukurasa mmoja, bila kujitetea. Bi Tasheva aliyasoma mara mbili, akamwagizia chai.

"Nakuamini," alisema. "Unataka niyafanye nini?"

"Mlitoe bango. Mfute yale ya 'kwa hiari yake'. Mpeleke mtu wa pili."

"Kaka Metodi, sikiliza. Kama aliomba mtu wa pili, basi mtu wa pili alihitajika. Kama alihitajika, fomu yako ya Agosti ni ya uongo, na yadi nyingine kumi na moja zimefuata fomu hiyo. Wakijani wataondoka wiki ijayo. Saruji itapanda malori. Yadi itafungwa, na wewe umebakiza miaka miwili kustaafu." Alisema bila ukali, kama daktari. "Mimi sikukatazi. Gongesha muhuri pale mapokezi, faili lifunguliwe upya. Ni ghorofa ya chini."

Metodi alishuka ghorofa ya chini. Palikuwa na dirisha, na mama mmoja mwenye muhuri aliyemuuliza, "Ya kupokelewa?" Nyuma yake watu wawili walikuwa wanangoja. Alisimama pale na karatasi mkononi. Alifikiria miaka miwili. Akasema amesahau kitu, akatoka, akaenda stesheni.

Jioni ileile alikwenda kwa Dafina, maana angalau hilo aliliweza. Alimkuta akichoma pilipili hoho kwenye kibaraza. Akamweleza yote, na la dirishani pia.

Dafina aligeuza pilipili upande wa pili.

"Kwa hiyo hamna mtu."

"Hamna."

"Na yeye ataendelea kuita."

"Ataendelea."

Dafina alimenya pilipili tatu, vidole vyake vikiungua.

"Shuleni natoka saa nne," alisema. "Nitakuja mimi."

"Dafina, ile si kazi ya..."

"Kusimama mahali na kumwangalia mtu? Nimeifanya miaka ishirini na sita."

Metodi aliandika barua Sofia, akitumaini watakataa. Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Bi Tasheva hakuwa na pingamizi, mradi mhusika aje na koti lake mwenyewe la kung'aa, asisaini kitabu cha mahudhurio, na muda wake ugawiwe sawasawa kwa kampuni zote tatu. Chini aliongeza kwamba Wakijani wameridhika na kuahidi kubaki hadi majira ya kuchipua.

Dafina alifika Jumatatu, saa nne na nusu. Koti alikuwa amelishona kwa kitambaa cha mapazia na utepe wa kung'aa alioutoa kwenye mkoba wa shule. Metodi alimpa redio ya Rangel, akamwonyesha kitufe.

Penyo alikuwa tayari njia ya saba, amesimama kando ya behewa la saruji. Alimwona mkewe akitoka kibandani, akavua kofia, akaivaa tena. Juu ya mlima malori yalipita. Treni ya abiria ilikuwa nyuma dakika kumi na tisa, na saruji ilikuwa inaingoja ipite.

Dafina alitembea hatua chache kwenye kokoto, kisha akasimama. Hakujua aende wapi. Akageuka, akabonyeza kitufe.

"Shemeji, mtu wa pili anasimama wapi?"

Madereva wote walisikia. Sorin alitoa kichwa nje ya dirisha la treni yake. Metodi alijua mahali penyewe kwa nyayo zake: hatua nne kutoka bafa, kile kikingio cha mwisho wa behewa, upande wa dereva, ambapo mtu anaona mikono ya mwenzake na uso wa dereva kwa pamoja. Mtu alipaswa kushuka, amshike bega, amsimamishe pale. Ngazi zilikuwa saba tu.

Alisogea dirishani, akanyoosha mkono, akamwonyesha kwa kidole kupitia kioo.

"Pale," alisema.