Saa za Rongo

Vumbi la Migori huamka kabla ya watu. Hupanda polepole kutoka njia za udongo, jekundu na jepesi, likasimama hewani likingoja jua lilipitie. Asubuhi ile ya Jumanne lilitua juu ya boneti ya Pijo 404, gari kuukuu la rangi ya chai ya maziwa machache, na Teresa akalipangusa kwa upindo wa leso, mara moja, mara mbili, kisha akaacha. Gari halikuwa lake tena. Vumbi nalo halikuwa lake.

Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa, wakasema, wakagawa. Kibanda cha kutengenezea cherehani, kile cha sokoni Migori, kibaki kwa mke wa kwanza. Gari liende Homa Bay kwa mke wa pili, Trizah, likabebe magunia yake ya omena, wale dagaa wa ziwani. Teresa hakubisha. Mume wao, Willis Obare, alikuwa na mwaka na miezi miwili kaburini, na mambo ya kubishania yalikuwa yamepungua. Alisema neno moja tu: nitalipeleka mwenyewe. Kuendesha alijifunza ukubwani, mwaka ule Obare alipougua na mguu wake ukashindwa na klachi, na tangu hapo gari halikupita soko la Migori.

Migori, Uriri, Awendo, Rongo. Kisha unaiacha barabara kuu, unashika ile ya kushoto, unateremka kuelekea ziwani.

Kwa miaka kumi na tisa Obare alikwenda na kurudi hivyo. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa vidole vyembamba na maneno machache. Jumatatu hadi Alhamisi kwa Teresa, Alhamisi hadi Jumatatu kwa Trizah. Safari ni ya saa mbili, ukienda bila haraka. Obare alichukua tano.

Na alipoulizwa, jibu lilikuwa lile lile. Pampu. Pampu ya petroli ilinizimikia Rongo.

Masika, pampu. Kiangazi, pampu. Krismasi, watoto wamevaa, wali umeiva, pampu. Teresa hakuliamini jibu hilo hata siku moja. Shati la Obare lilinuka petroli kweli, lakini Teresa alishikilia kwamba anajipaka makusudi ili awe na ushahidi. Saa tatu zilizopotea, yeye alijua zilikokwenda. Zilikuwa Homa Bay, kwenye kiti cha Trizah, mbele ya sahani ya Trizah. Alizihesabu wiki baada ya wiki, akazirundika kifuani kama kuni za akiba, na kila Jumatatu jioni akawasha moto.

Ndivyo walivyoishi. Si vibaya sana. Si vizuri pia.

Miwa ya Awendo ilikuwa imesimama pande zote mbili, mirefu, kimya, na barabara ikapita katikati yake kama mshono. Teresa alishika usukani kwa mikono miwili. Hakuwa akifikiria lolote kubwa. Alifikiria kwamba angefika saa tano, angempa Trizah ufunguo na karatasi za gari, angekunywa maji, angerudi Migori kwa gari la saa nane. Hakubeba nguo ya kubadilisha.

Kilima cha kuingia Rongo kilipoanza, gari likasita.

Likasita, likavuta, likasita tena, kama mtu aliyesahau neno katikati ya sentensi. Teresa alikanyaga mafuta. Gari likatoa kikohozi kirefu, likanyamaza. Akalivuta kando, akakaa. Injini ilikuwa ikitoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa. Alingoja robo saa, akawasha, likakubali, likapanda hatua mia mbili, likanyamaza tena. Na pale liliponyamaza, ng'ambo ya barabara, palikuwa na paa la mabati juu ya nguzo nne, matairi yaliyopandana, na mtu mwenye ovaroli nyeusi kwa oili aliyeanza kuvuka barabara kabla hajaitwa.

Mtu huyo alikuwa akiliangalia gari, si dereva. Aliigusa boneti kwa kiganja. Alipoinama dirishani na kumwona mwanamke, alirudi nyuma kidogo.

"Hii gari naijua," alisema. "Mzee mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki," Teresa alisema. "Mwaka jana."

Fundi alivua kofia. Aliitwa Matiko, Mkuria wa upande wa Isebania, na alikuwa na mvi kwenye nyusi tu.

"Pole sana, mama. Mimi nilidhani ameuza gari. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nikasema, huyu mzee ameuza bila hata kuniambia."

Teresa alishuka. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na lami ilikuwa ikitoa mvuke wake usioonekana. Alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, taratibu, kana kwamba inauliza njia:

"Alikuwa akija hapa?"

"Kila wiki. Akienda, akirudi. Pampu ilikuwa inamzimikia hapo hapo."

Hapo hapo.

Walilisukuma hadi chini ya mabati. Matiko aliufungua mrija unaopeleka petroli kwenye kabureta, akamwambia Teresa azungushe injini. Petroli ilipaswa kuruka. Ilidondoka tone, tone, kama pua ya mtoto. Kisha alivuta kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akampa Teresa anuse. Kilinuka petroli. Kilinuka shati la Obare.

"Unaona, mama. Petroli inapita inaingia kwa oili. Kiwambo kimepasuka."

Alizitoa skrubu moja moja, akaziweka ndani ya kifuniko cha chupa. Pampu ikafunguka sehemu mbili mkononi mwake. Ndani kulikuwa na duara la mpira mweusi, laini, lililovimba kingo zake, lenye ufa mwembamba katikati. Ndicho kiwambo. Kikivutwa chini kinanyonya petroli kutoka tangini, kikirudi juu kinaisukuma mbele, na kikipasuka, gari haliendi.

Teresa alilitazama duara lile. Lilikatwa kwa mkasi, na aliyelikata alikuwa na mkono mtulivu. Aliujua mkono huo. Ulikata vitambaa vya sare za shule za watoto wake wanne.

"Huu ni mpira wa tyubu ya baiskeli," Matiko alisema. "Alikuwa anaukata mwenyewe, hapa, kwa hiyo benchi. Mimi nilimwambia, mzee, mpira wa tyubu hauwezani na petroli, utavimba, utapasuka, wiki haitaisha. Anasema, najua."

"Alisema anajua?"

"Alijua. Mtu wa cherehani hawezi kukosa kujua." Matiko alifuta mikono kwa tambara, polepole kuliko ilivyohitajika. "Mama, nikuonyeshe kitu. Usikasirike."

Alikwenda hadi kwenye rafu ya nyuma, akasogeza mikebe, akarudi na boksi dogo lililofifia. Ndani, kwenye karatasi yake ya mafuta, kulikuwa na pampu mpya, haijaguswa. Juu ya boksi, kwa kalamu ya buluu, kwa herufi zile za kusimama ambazo Teresa alizijua kuliko uso wake, kulikuwa na maneno mawili. *Obare. Bado.*

"Aliinunua mwenyewe," Matiko alisema. "Hii ni mwaka wa sita. Kila akija namuuliza, niweke? Anasema bado."

"Halafu anafanya nini?"

"Hakuna. Anakunywa chai. Anaangalia barabara."

"Na nani?"

"Na nani tena, mama? Peke yake. Saa mbili, saa tatu. Nikimwambia gari iko tayari, anasema iache ipoe kwanza."

Mtu akipigania mpaka wa shamba miaka kumi na tisa, akamtukana jirani, akamnunia, kisha siku moja aje mpimaji na kamba zake, aseme kipande kile hakikuwa cha yeyote kati yenu, mtu huyo hushika nini? Teresa hakulia. Hakucheka. Aliangalia boksi kama mtu anavyoangalia mbali, na kitu fulani kifuani mwake, kilichokuwa kimepangwa vizuri kwa miaka mingi, kikaanza kuteleza kipande kwa kipande.

Hakudanganya, basi. Na hakusema kweli. Obare, mtu wa vidole vyembamba, ulijikatia mahali duniani kwa mkasi, duara dogo la mpira wa baiskeli, ukakaa ndani yake.

"Weka hiyo mpya," Teresa alisema.

Benchi lilikuwa ubao mmoja juu ya mawe, limeng'arishwa kwa kukaliwa. Mwanamke wa kibanda cha jirani alileta chai bila kuuliza ni ya nani. Matiko alimwaga oili iliyoharibika, akakwangua gasketi kuukuu, akaweka pampu mpya, akakaza upande huu kidogo na upande ule kidogo, kama afungaye kifungo cha shati la mgonjwa.

Teresa alikaa. Malori yalipita. Wanafunzi wa chuo walipita wakicheka kwa Sheng asiyoielewa. Mwanamke alipita na beseni la ndizi kichwani, shingo wima, mikono huru. Hakuna aliyemwuliza Teresa chakula kiko wapi. Hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi. Simu iliita ndani ya mkoba, akaisikiliza hadi ikachoka. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno. Aliinywa yote.

Injini ilipowashwa, ilinguruma mara ya kwanza, sawasawa, bila kikohozi.

"Tayari, mama."

Teresa aliangalia barabara.

"Iache ipoe kwanza," alisema.

Matiko aliinamisha kichwa akaenda kunawa mikono, na hakurudi mpaka alipoitwa.

Alifika Homa Bay saa tisa kasoro. Ziwa lilikuwa limelala chini ya mji, jeupe kwa jua. Trizah alikuwa amesimama mlangoni, amevaa gauni lake la kanisani, na ilionekana amesimama hapo mara nyingi siku hiyo. Alikuwa mdogo kwa Teresa kwa miaka kumi na mmoja. Mikono yake ilikuwa na magamba madogo ya omena ambayo maji hayakuyatoa.

"Karibu, Mikayi," alisema, kwa jina la heshima la mke wa kwanza. "Nimekupigia. Nilidhani hauji tena."

"Gari lilizima Rongo, Nyar Rusinga," Teresa alisema, akimwita binti wa kisiwani kwao. "Pampu."

Trizah aliinamisha macho. Kona moja ya mdomo wake ilipanda, kwa uchungu, si kwa kicheko.

"Hata wewe?"

Ndipo Teresa alipojua kwamba nyumba hii nayo ilikuwa na kuni zake.

Aliingia, akakaa, akafungua juu ya meza furushi la gazeti alilotoka nalo Rongo. Pampu kuukuu ilikuwa ndani, na duara la mpira kando yake. Alisimulia yote, kwa sauti ya mtu anayesoma barua isiyo yake: fundi, boksi, kalamu ya buluu, benchi, chai. Trizah alisikiliza akiwa amesimama. Kisha akaketi. Kisha akagusa mpira ule kwa ncha ya kidole, akakinusa kidole.

"Siku alizochelewa," alisema, "nilijua umemzuia wewe. Nilijua unampikia mara ya pili ili afike kwangu ameshiba. Mara moja samaki mzima nilimtupia kuku."

"Mimi nilijua uko naye wewe."

"Ina maana hakuwa kwako."

"Hakuwa kwangu. Hakuwa kwako."

Nje, kuku aliparua mchanga. Trizah aliugeuza mpira, akaangalia ufa wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Basi sisi tuligombania mtu aliyekuwa Rongo," alisema.

Teresa alidhani watacheka. Ilikuwa karibu. Lakini uso wa Trizah ulikunjika, na swali lililotoka lilikuwa dogo, la mtu mdogo kuliko yeye.

"Kwani tulikuwa tunamchosha hivyo?"

Hilo ndilo swali Teresa alilobeba kutoka Rongo hadi ziwani. Angeweza kusema hapana. Trizah angeshukuru, na wote wawili wangejua kwamba si kweli.

"Labda," alisema. "Tulikuwa na kelele, wewe huku, mimi kule. Naye hakutuambia hata mara moja. Hilo ni lake, si letu." Aliisogeza pampu kuukuu kando. "Nilikaa kwenye benchi lile. Ni benchi zuri, Trizah. Hata mimi ningechelewa."

Hakuwahi kumwita jina lake kabla ya siku hiyo. Trizah alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akainuka, akapuliza makaa, akarudisha sufuria jikoni. Harufu ya samaki mbuta na nyanya ikajaza chumba. Alileta ugali, akaleta maji ya kunawa, akaleta sahani moja, akasita nayo mkononi, akaiweka katikati.

Walikula. Teresa alieleza kwamba gia ya pili ni ngumu, inataka kubembelezwa. Trizah alisema yeye hajawahi kushika usukani, kwamba mpwa wake ndiye angeendesha, lakini mpwa ana mwendo mbaya. Teresa alisema mwendo mbaya utaliua gari hili. Trizah alitoa miiba ya samaki, akasogeza kipande cha tumbo, kile chenye mafuta, upande wa mgeni.

"Kujifunza kunachukua siku ngapi?" aliuliza.

"Inategemea anayefunza."

Mwanga ulikuwa umeanza kulala juu ya sakafu. Trizah alitazama dirisha, kisha mkoba mdogo wa Teresa usio na nguo ndani.

"Gari la mwisho la Migori linaondoka saa kumi na moja, Mikayi."

"Najua," Teresa alisema, akavua viatu.