Mikono Yote ya Kushoto

Kwa mara ya tatu asubuhi ile alifumua mkono wa shati lilelile. Alikata uzi kwa kiwembe, tundu baada ya tundu, akapuliza vipande, akalinganisha tena mkono na kwapa. Akashona. Alipoliinua shati, mkono wa kulia ulitazama nyuma kama umeteguka.

"Samahani," alisema kwa sauti ndogo. Mbele yake hapakuwa na mtu, ila cherehani.

"Haya, leo tunaiomba radhi mashine!" Mama wa vifungo alicheka kutoka meza ya pili. Ndiye aliyempachika jina hilo, Samahani, wiki ya kwanza tu alipofika karakana, na sasa hata mlinzi wa getini alimwita hivyo. "Mwanangu, siku sindano ikikuchoma utaiuliza kama imeumia. Lete nione."

Mama alilipindua shati. Akachukua mkono mwingine kwenye rundo, na mwingine, na mwingine. Kicheko kikamwisha.

"We! Huu wa kushoto. Huu wa kushoto. Na huu... Yote ya kushoto! Hapa hata ashone nani, haukai. Unahangaika nao tangu saa mbili?"

"Nilidhani mimi ndiye nisiyejua."

Wenzake wawili wa kushona mikono walikuwa wamelazimisha tu bila kuangalia. Mashati tisini yalikuwa yameshashonwa hivyo.

Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo. Hutandikwa uso kwa uso, ili mkasi ukipita mara moja utoe mkono wa kulia na wa kushoto. Jana mkataji, mzee ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi, alianza kutandika hivyo. Msimamizi akamwambia aache mbwembwe, akilaze chote uso juu, ni haraka zaidi, mteja anakuja Ijumaa. Karakana nzima ilisikia.

Msimamizi alikuja baada ya chakula cha mchana. Hakupaza sauti. Alisimama katikati ya meza za kazi, fomu ya onyo mkononi, akavua saa yake, akaiweka juu ya rundo la mikono.

"Nani?"

Mashine zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

"Ofisi inataka jina moja kabla ya saa kumi. Mimi sina haraka."

Mkataji akakohoa. "Bosi, jana si tuliongea hapa mezani, ukasema..."

"Nilisema nini, mzee? Sema, wakusikie." Alimsubiri kwa adabu. "Umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Minne."

"Haya. Nilisema nini?"

Mkataji akautazama mkasi wake. "Sikumbuki vizuri, bosi."

Kimya kikarudi. Samahani alikijua kimya cha aina hiyo. Baba yake hakuwa mpigaji. Majirani walimsifu kwa upole wake. Akirudi kutoka kazini akakuta kikombe hakipo mahali pake au redio imehamishwa stesheni, aliuliza neno hilo moja, nani, kisha akakaa. Chakula hakikuguswa. Hakuna aliyezungumza, siku hiyo wala kesho yake. Mara moja zilipita siku tisa. Watoto wanne walijipanga ukutani. Mama yao akawapitia kwa macho, na macho yake yakatua kwake yeye, kifungua mimba wa miaka saba. Jikoni alimnong'oneza: "Sema ni wewe, mwanangu, yaishe. Wenzio wana njaa." Akasema. Yakaisha. Asubuhi mama alimkatia kipande kikubwa cha mkate, akampa bila kumtazama usoni.

Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwa miaka sita alikuwa amefanya kazi hapa kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa ofisini, imeshapigwa chapa, inangoja sahihi tu. Mwenye onyo haajiriwi. Alilijua hilo, na alikuwa akilifikiria wakati uleule mdomo wake uliposema:

"Ni mimi."

"Wewe?" Mama wa vifungo aliinuka nusu. "Mkasi umeushika lini, wewe?"

Msimamizi alimgeukia Samahani, akafungua kalamu. "Umefanya nini?"

"Nilitandika vibaya."

"Kazi yako ni kushona mikono."

"Ndiyo, bosi."

"Kwa hiyo ulipita, ukamsaidia mzee kutandika."

"Ndiyo. Nilipita nikamsaidia."

"Bila ruhusa."

"Bila ruhusa. Samahani."

Mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua. Msimamizi alimgeuzia Samahani fomu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, akaivaa saa yake.

"Watu wakweli kama wewe mmebaki wachache," alisema. "Ile barua nitamwambia karani aiweke kando. Tutaangalia mwakani."

"Asante, bosi."

Mashine zikaanza kunguruma. Mabega yake yakashuka. Njaa ikamuuma ghafla, njaa tamu ya mtu aliyepona homa.

Mama wa vifungo alivuta kiti chake karibu. "Kwa nini, mwanangu? Niambie mimi."

Alifikiri kwanza. Hakutaka kumdanganya.

"Watu walikuwa wamesimama muda mrefu, mama."

Mama alimtazama. "Nani alisimama? Sote tulikuwa tumekaa."

Samahani alivuta shati la kwanza katika yale tisini, akatafuta mwanzo wa mshono.

Saa kumi na moja kengele ililia. Walipoelekea getini walipita mezani kwake, na karibu kila mmoja alimgusa bega. Mkataji naye alimgusa, haraka, kama mtu anayejaribu pasi. Msimamizi akachungulia mlangoni.

"Kesho fika saa kumi na mbili asubuhi, ufumue yaliyobaki. Saa hizo ni zako, hazilipwi."

"Sawa, bosi."

Alikuwa amefumua kumi na saba. Akakiacha kiwembe ndani ya mshono wa la kumi na nane, palepale kilipofika, akalifunika rundo.